Je, Wajua? Sindano ya Baridi Yabisi na TB Iliyolala

Je, wajua kwamba katika baridi yabisi kinga ya mwili huvigeukia viungo vyake yenyewe? Dawa za kibayolojia kama infliksimabu na adalimumabu huzuia TNF, protini inayochochea uvimbe. Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuzijaribu kwa wagonjwa jijini London mwaka 1992.

Je, wajua kwamba TNF hiyohiyo husaidia kuvizingira vimelea vya TB vilivyolala mwilini? Ikizuiwa, vinaweza kuamka. Mwaka 2001 iliripotiwa Marekani kuhusu wagonjwa 70 waliougua TB baada ya kutumia infliksimabu, na kwa zaidi ya nusu yao ugonjwa ulikuwa nje ya mapafu. Kwa hiyo usingoje kikohozi. Homa isiyoisha, jasho la usiku, kukonda au tezi kuvimba vinatosha kukupeleka hospitali. Tanzania iliwekwa katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB (2021–2025), hivyo mgonjwa wa Kilosa au Mikumi ana haki na sababu ya kudai kipimo kabla ya sindano ya kwanza. Akikutwa na TB iliyolala, hupewa dawa za kuikinga kwa angalau mwezi mmoja kwanza.

Je, wawajua panya buku wa shirika la APOPO, wanaofunzwa kunusa TB pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), mkoani kwetu Morogoro? Panya mmoja hunusa sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20 hivi. Kazi nzuri kweli! Lakini hubaini TB iliyokwisha kuwa ugonjwa; iliyolala hutafutwa kwa kipimo cha ngozi au cha damu.

Je, wajua kwamba homa ya ini B nayo huweza kuamka? Pima pia.

Je, wajua kwamba adalimumabu hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka? Nje ya friji huvumilia siku 14 tu, tena joto lisizidi nyuzi 25, na mchana wa Kilosa hulipita hilo kirahisi. Ukiichukua Dar es Salaam, ipakie kwenye kisanduku cha baridi bila kuigusisha barafu, ukae nacho kitini. Usikiweke kwenye buti la basi.

Je, wajua kwamba methotreksati, inayotumiwa mara nyingi pamoja na sindano hizi, humezwa mara moja kwa wiki? Kuimeza kila siku kunaweza kuua.

Na hili kina mama walishike. BCG, ambayo watoto wetu hupewa wakizaliwa, ina vimelea hai. Mwaka 2010 iliripotiwa Uingereza kuhusu mtoto aliyefariki baada ya kuchanjwa BCG, mama yake akiwa ametumia infliksimabu wakati wa ujauzito. Ikiwa ulichomwa sindano hizi ukiwa mjamzito, mwambie mkunga kabla mtoto hajachanjwa, na jina la dawa liandikwe kwenye kadi ya kliniki.