Je, Wajua? Chumvi Inayosubiri Uchachu

Je, wajua kuwa chupa ya tomato sosi iliyopo mezani kwa muuza chipsi wa Mtaa wa Msimbazi na kulanti ya rejeta ya gari linalopita mbele yake vinaweza kuwa na kemikali ileile? Ni sodiamu benzoeti. Kwenye lebo hujificha nyuma ya namba: E211 au INS 211.

Kwa macho ni unga mweupe wa kawaida. Kariakoo, Dar es Salaam, hupatikana katika maduka ya malighafi, pamoja na kostiki soda, ungerol na rangi za sabuni. Hutengenezwa kwa kuchanganya asidi ya benzoiki na kostiki soda, na sababu ya kuigeuza asidi hiyo kuwa chumvi ni maji: lita moja huyeyusha takriban gramu 3 tu za asidi hiyo, lakini chumvi yake huyeyuka zaidi ya nusu kilo katika lita hiyohiyo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wajasiriamali wengi hawaambiwi. Chumvi hii haiui ukungu yenyewe. Ikiingia kwenye kitu kichachu hurudi kuwa asidi, na ni asidi hiyo inayopenya ndani ya hamira na ukungu na kuvizuia kukua. Kwenye pH 3, kama ya achari yenye siki, zaidi ya asilimia 90 yake hufanya kazi. Kwenye pH 6 haifiki asilimia 2. Kwa hiyo anayeitia kwenye maziwa, au kwenye juisi ya miwa isiyokamuliwa ndimu, amepoteza fedha, na mteja wake hana kinga yoyote.

Kipimo nacho ni kidogo. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu miligramu 1,000 kwa kilo ya sosi na 250 kwa kilo ya soda. Ndoo yenye kilo 20 za pilipili ya kusaga yenye siki haipaswi kuzidi gramu 20.

Ikiliwa, ini huiunganisha na glisini, ikatoka kwa mkojo. Njia hiyohiyo huwasaidia madaktari kuwatibu watoto waliozaliwa na hitilafu ya kuondoa amonia mwilini.

Viwandani hulinda chuma kisishike kutu, na ikichanganywa na potasiamu pakloreti hutoa ule mlio wa filimbi wa fataki.

Ina kasoro moja ya kuangaliwa: ikikutana na vitamini C, kwenye joto na mwanga, inaweza kutoa benzini kidogo, na benzini husababisha saratani. Soda zenye vyote viwili zisianikwe juani mbele ya duka.

Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) hufundisha usindikaji. Unayetengeneza sosi nyumbani, nunua mzani wa gramu na karatasi za kupimia pH kabla ya kununua unga huu.