Wi-Fi katika mitaa iliyosongamana: kwa nini intaneti hulegea jioni, na majirani wafanye nini

Ifikapo saa mbili usiku katika mitaa yenye nyumba zilizobanana, kama vile Biryogo mjini Kigali, Buyenzi mjini Bujumbura au Eastleigh mjini Nairobi, simu ya mkononi huonyesha orodha ndefu ya mitandao ya Wi-Fi: wa mwenye nyumba, wa mpangaji wa chumba cha pili, wa duka la ng'ambo ya barabara, wa mgahawa wa ghorofa ya chini. Ni saa hiyo hiyo ambapo mazungumzo ya video na ndugu aliye ughaibuni hukatika-katika, na mwanafunzi anayetuma kazi yake chuoni kabla ya muda kwisha hubaki akitazama alama inayozunguka bila kufika popote.

Wengi humlaumu mtoa huduma, kisha hulipia kifurushi kikubwa zaidi. Huenda fedha hiyo ikapotea bure, kwa kuwa kasoro yaweza kuwa haimo katika waya uletao intaneti nyumbani, bali katika hewa iliyopo kati ya ruta na simu.

Masafa yasiyo na mwenyewe

Wi-Fi ni redio. Ruta hurusha mawimbi, simu huyapokea na kujibu. Msikilizaji wa redio anajua kinachotokea pale vituo viwili vinapokaribiana mno katika masafa: sauti ya kimoja humezwa na ya kingine. Tofauti ni kwamba vituo vya utangazaji hupangiwa masafa yao na serikali, ilhali Wi-Fi haipangiwi.

Mwaka 1985, Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu vifaa vya mawasiliano kutumia bila leseni baadhi ya masafa yaliyokuwa yametengwa kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba. Nchi nyingine nyingi ziliruhusu jambo hilo pia, na kiwango cha kwanza cha kiufundi cha Wi-Fi kilitolewa mwaka 1997. Uhuru huo ndio ulioifanya teknolojia hii kuwa rahisi na kuenea duniani. Gharama yake ni kwamba atumiaye masafa hayo hana haki ya kulindwa dhidi ya jirani yake. Bendi ya gigahezi 2.4, inayotumiwa na karibu kila ruta, ndiyo pia ya vifaa vya Bluetooth, na ndimo zinamovuja nguvu kidogo za maikrowevu ya jikoni inapopasha chakula.

Mikondo 13, nafasi 3

Bendi hiyo imegawanywa katika mikondo, na nchi nyingi huruhusu 13. Idadi hiyo hupotosha. Kutoka mkondo mmoja hadi mwingine kuna megahezi 5 tu, ilhali mtandao mmoja huhitaji upana wa takriban megahezi 20. Kwa hiyo mikondo jirani hupandana. Kwa kawaida, mitatu tu ndiyo hutumika pamoja bila kugusana: wa 1, wa 6 na wa 11.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akiona mkondo wa 1 na wa 6 imejaa, huhamia wa 3 akidhani amepata kimbilio. Kumbe mkondo wa 3 hupandana na yote miwili. Vifaa vilivyo katika mkondo mmoja husikilizana: kila kimoja hungoja mwenzake anyamaze ndipo nacho kiseme. Foleni huwa ndefu, lakini ni foleni yenye utaratibu. Aliyejiweka katikati huwa hawaelewi walio pembeni, nao hawamwelewi. Kwao yeye ni kelele, na kwake wao ni kelele. Ujumbe huharibika njiani, hutumwa upya, na kila mmoja hupoteza. Ni afadhali kushiriki mkondo wa 1, wa 6 au wa 11 na jirani kuliko kujibanza katikati.

Kupima kabla ya kulipa

Hatua ya kwanza ni kujua kasoro iko wapi. Saa ambayo intaneti imelegea, kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, Wi-Fi ya kompyuta ikiwa imezimwa, na kasi ipimwe. Ikiwa hata kwa waya kasi ni duni, lawama ielekezwe kwa mtoa huduma au kwa kifurushi chenyewe. Ikiwa kwa waya ni nzuri na bila waya ni mbaya hata karibu na ruta, basi tatizo huenda likawa la hewani, na kifurushi kikubwa hakitalitibu.

Hatua ya pili ni kuhamisha vifaa kwenda bendi ya gigahezi 5, ikiwa ruta inayo. Bendi hiyo ina mikondo mingi zaidi isiyopandana. Mawimbi yake hudhoofishwa zaidi na kuta za matofali na zege, lakini katika mtaa uliobanana udhaifu huo ni neema: ukuta unaomzuia mtu kufika kwa jirani ndio unaomzuia jirani kufika kwake. Televisheni na kompyuta zilizo chumba kimoja na ruta zitumie bendi hiyo, au waya kabisa, ili gigahezi 2.4 zibaki kwa vifaa vya mbali na vya zamani.

Hatua ya tatu ni mipangilio ya ruta, ambayo hufunguliwa kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chake. Katika gigahezi 2.4, upana wa mkondo uwekwe megahezi 20. Ukiwekwa 40, mtandao mmoja hutwaa sehemu kubwa ya bendi nzima. Ruta yenyewe ikae mahali pa juu, katikati ya nyumba, mbali na friji na mabati.

Dhidi ya jirani, au pamoja naye

Wapo wanaonunua antena kubwa au kifaa cha kurudia mawimbi. Antena huweza kusaidia kidogo, lakini pia hupeleka kelele kwa wengine na kuleta ya wengine ndani. Kifaa cha kurudia kinachotumia mkondo ule ule husema kila neno mara mbili, na hivyo kurefusha foleni. Jirani naye akijibu kwa kuongeza nguvu, kila mwamba ngozi huvutia kwake, na mtaa mzima huishia gizani.

Dawa inayofaa zaidi huwa ni mazungumzo. Nyumba tatu zinazopakana zikigawana mikondo ya 1, 6 na 11, kila moja hupumua. Katika nyumba ya vyumba vya kupanga, ruta moja nzuri inayolipiwa kwa mchango huweza kuchukua nafasi ya sita zinazogombana, mradi wahusika waaminiane katika nywila na katika malipo. Mabadiliko ya aina hiyo hayahitaji fundi wala kifaa kipya. Yanahitaji mtu mmoja wa kubisha hodi kwanza.