Mashine Kuukuu za Tanga Kabla ya Moto wa Gesi

Reli kuukuu ina maandishi. Ukisugua kutu kwenye kiuno chake, ile sehemu nyembamba kati ya kichwa na kitako, mara nyingi utakuta herufi zilizotokeza: jina la kiwanda kilichoitengeneza na mwaka. Maandishi hayo hayakuchongwa na mtu. Yaligandamizwa na rola za kiwandani wakati chuma kingali chekundu, ndiyo maana yanadumu miaka mia na zaidi hata katika hewa ya bahari. Kwa mnunuzi wa skrepa kipande hicho ni kilo tu. Kwa anayejua kusoma, ni cheti cha kuzaliwa.

Mkoa wa Tanga una vyeti vya namna hiyo kuliko sehemu nyingi za Tanzania, kwa sababu mashine kubwa zilifika hapa mapema. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Mwaka 1896 ilikuwa imefika Muheza, mwaka 1902 Korogwe, na Moshi ikafikiwa 1911. Wajenzi walitumia mataruma ya chuma mahali ambapo kwingine yangewekwa ya mbao, kwa kuwa mchwa wa nchi hii hula mbao bila huruma. Kwa hiyo anayekuta bamba refu lililopinda kama mfereji, lenye matundu ya kufungia reli, ajue ameshika jibu la mhandisi kwa mchwa.

Mwaka huohuo wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 yalikuja mashamba yaliyofunika uwanda kutoka Pangani hadi Korogwe, na pamoja na mashamba ikaja mashine ambayo wafanyakazi wa mkonge waliiita korona, kutokana na jina la kibiashara la mashine ya Krupp ya Magdeburg. Baadaye zilikuja pia za Robey, kutoka mji wa Lincoln, Uingereza.

Korona inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo iliyojenga uchumi wa mkoa huu. Majani hupangwa yakiwa yamelala upande kwenye mkanda unaokwenda. Kamba au minyororo huyabana katikati na kuyapeleka kwenye ngoma kubwa yenye visu butu. Visu havikati. Vinaponda nyama ya jani na kuikwangua ikiwa imebanwa dhidi ya ukuta wa chuma, huku maji yakimwagika kuosha. Nusu ya jani ikishakuwa nyuzi, mbano huhamia upande huo, na ngoma ya pili humalizia nusu iliyobaki. Nafasi kati ya kisu na ukuta ni ya milimita chache tu: ikizidi, nyuzi zinatoka na ukoko; ikipungua, zinakatika. Fundi aliyejua kuirekebisha aliheshimiwa shamba zima. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi kavu hazizidi kilo 4 hivi. Kilichobaki ni maji na taka. Utomvu wa mkonge una asidi inayokula chuma, na ukiona ngoma iliyotobokatoboka ubavuni, hiyo ni kazi ya mkonge wenyewe kabla ya bahari.

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Kamba za plastiki zikateka soko, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza wingi wa vyuma. Shamba lililofungwa halikuacha korona peke yake. Liliacha injini za dizeli, mashine za brashi za kusafishia nyuzi, matangi, matrekta, na reli ndogo zenye upana wa milimita 600 ambazo vichwa vyake vya treni vilitoka kwa Orenstein & Koppel wa Ujerumani. Reli hizo ndogo hukatwa kwanza, kwa kuwa ni nyepesi kubeba.

Kuokoa vyuma na shehena zilizoharibika si jambo geni katika pwani hii. Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza HMS Hyacinth hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha aliizamisha kwenye maji mafupi, nayo ikashika moto. Waingereza wakaondoka wakidhani imekwisha. Sehemu kubwa ya bunduki na risasi ikaopolewa na Wajerumani, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Vita vya Afrika Mashariki vilirefushwa kwa kiasi fulani na kazi hiyo ya mikono.

Katika yadi ya skrepa ya leo, kitu cha kwanza kutambua ni aina ya metali, na mafundi wa skrepa wana elimu yao. Sumaku huja mwanzo: ikinata ni chuma, isiponata ni alumini, shaba, madini ya risasi au aina fulani za chuma kisichoshika kutu. Jiwe la kusagia huendeleza uchunguzi. Chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu za manjano. Chuma cha kusubu, kile cha bloku za injini kuukuu na fremu za mashine, hutoa cheche fupi nyekundu. Shaba na alumini hazitoi kabisa. Chuma cha kusubu kikipigwa nyundo nzito huvunjika, na ndani yake ni cha kijivu chenye chembechembe. Land Rover ya zamani ni somo zuri: bodi yake ni ya alumini na chesisi ni ya chuma. Hewa yenye chumvi ikilowesha mahali metali hizo mbili zinapogusana, umeme mdogo hupita kati yake na alumini huliwa, ikiacha unga mweupe kwenye maungio.

Biashara hii ina faida ya kweli kwa nchi. Kuyeyusha alumini kuukuu hutumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye udongo wake, na nondo nyingi zinazojenga nyumba za Tanzania zinatokana na chuma chakavu. Vijana wanaosukuma mikokoteni wanafanya kazi yenye maana, na wanastahili glavu, miwani na bei ya haki.

Wanastahili pia kuambiwa hatari. Betri za gari zina madini ya risasi, na madini hayo hudumaza ubongo wa mtoto. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa Owino Uhuru, Mombasa, kiliathiri mtaa mzima hadi kikafungwa 2014; Phyllis Omido, aliyekipinga, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka uliofuata. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, sumu inayokaa mwilini miaka mingi, kwa hiyo mafuta hayo yasiguswe wala kuuzwa kwa matumizi yoyote. Bitana za breki za magari ya zamani huwa na asbesto. Zisipulizwe vumbi.

Halafu kuna swali la nini ni skrepa na nini si skrepa. Reli ya Tanga hadi Moshi ilikaa miaka mingi bila treni, na wapo walioona chuma kilicholala. Mwaka 2019 treni za mizigo zikarudi Moshi, na Desemba mwaka huohuo zikarudi za abiria. Kila reli na taruma lililoibwa katika miaka ya ukimya lilibidi kununuliwa upya.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kale vya kabla ya mwaka 1863. Mashine zote zilizotajwa hapa zilikuja baada ya hapo, kwa hiyo korona ya kwanza ya mkoa haina kinga isipokuwa waziri aitangaze rasmi. Kenya ilichukua njia nyingine mapema. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yana kichwa cha treni ya mvuke namba 5930, kilichojengwa Manchester miaka ya 1950 na kupewa jina Mount Shengena. Mlima Shengena uko Upare, Tanzania, juu ya reli ya Tanga. Jina la mlima wetu limehifadhiwa kwa jirani, wakati mashine zilizopita chini yake zinakatwa vipande.

Hakuna anayedai kila trekta bovu liwekwe makumbusho. Nyingi ziyeyushwe, zijenge shule. Lakini kibao cha shaba chenye jina la kiwanda na namba ya mashine ndicho hung'olewa mwanzo, kwa sababu shaba ina bei, na kikishatoka mashine haina tena jina. Wenye mashamba na wenye yadi, kabla fundi hajawasha gesi, pigeni picha kibao hicho na mwandike mashine ilitoka shamba gani. Picha hizo zipelekwe kwenye Makumbusho ya Urithi Tanga, mjini Tanga. Na korona moja nzima, yenye ngoma zote mbili, iwekwe mahali wanafunzi wa mkoa huu wataiona ikizunguka.