Matufaa Somanda: Pima shamba kabla ya kununua miche

MATUFAA, ambayo wachuuzi wengi huyaita "epo", kwa sehemu kubwa huingia nchini kutoka Afrika Kusini. Aprili 2025 Serikali ilipozuia mazao ya kilimo ya nchi hiyo, kabla ya kuondoa zuio siku chache baadaye, wafanyabiashara walikumbushwa jinsi bidhaa hii inavyotegemea mpaka. Kwa mkulima wa Somanda, Bariadi, aliyezoea pamba na bei yake ya kupanda na kushuka, swali ni kama shamba lake linaweza kuingia katika soko hilo.

Hali ya hewa
Jibu ni la tahadhari. Aina nyingi za Ulaya huhitaji saa 800 hadi 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ili zichipue sawasawa. Ndiyo maana matufaa ya Tanzania hulimwa nyanda za juu kama Njombe, Makete na Lushoto. Bariadi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,300 hadi 1,400 hivi, haipati baridi hiyo.

Anayetaka kujaribu achague Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorset Golden ya Bahamas. Hizi huhitaji baridi kidogo, na hupandwa pamoja ili zichavushane. Hata hivyo zaweza kuchipua ovyo. Katika nchi za joto wakulima hupukutisha majani kwa mkono baada ya mavuno ili kuuamsha mti.

Ardhi
Epuka mbuga. Udongo wake mweusi hutuamisha maji wakati wa mvua, mizizi ikaoza, na hupasuka wakati wa kiangazi. Eneo bora ni mteremko mdogo wenye luseni, lililotiwa samadi ya kutosha, karibu na kisima, kwani kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni haba.

Hesabu
Kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, eka moja huchukua miche 250 hivi. Hizo ni fedha nyingi kuzika katika zao lisilojaribiwa shambani kwako. Anza na miche 10 iliyobebeshwa. Huanza kuzaa mwaka wa 2 au wa 3. Ikishindwa, hasara ni ndogo na pamba bado ipo. Anayetaka fedha za matunda bila kubahatisha, maembe ya kubebesha yanalifaa zaidi joto la Bariadi.