Kusoma Sana na Kujua Mengi: Mkaazi Ananufaikaje?

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mzee wa Takaba aliyehamisha mifugo miaka mingi anajua dalili za ukame kabla ya wengine kuziona. Hiyo ni elimu. Kusoma kunaiongezea: kunakupa habari za mahali ambapo hukufika na za vikao ambavyo hukuketi.

Aliyeelimika kwa kusoma ni nani?

Si lazima awe na shahada. Ni mtu anayesoma mara kwa mara, tena mambo mbalimbali, akalinganisha aliyoyasoma, kisha akauliza maswali.

Chukua mfano wa bwawa la maji ya mvua. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mpango unataja miradi inayokusudiwa. Bajeti inaonyesha pesa. Aliyesoma mpango peke yake huona bwawa la wadi yake limetajwa, akafurahi. Aliyesoma zote mbili hujua kama limetengewa pesa. Ikiwa halimo, atauliza katika kikao cha maoni ya umma, kabla bajeti haijapitishwa. Akinyamaza hadi kiangazi, atakuwa amechelewa.

Nitapata wapi cha kusoma?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, unaweza kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi hupaswa kukujibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa kutoa ombi lake.

Kuhusu vitabu, Katiba imeweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Umbali si kisingizio kipya, na eneo letu limewahi kuutafutia dawa: mwaka 1996, Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa, ngamia wakibeba masanduku ya vitabu na hema hadi kwa wafugaji na wanafunzi wasio na maktaba karibu.

Tuanzie wapi?

Anza na kurasa chache kila siku, kwa lugha unayoielewa. Soma maelezo ya dawa ya mifugo kabla ya kuitumia, hasa siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Kama hujui kusoma, mwambie mtoto wa shule akusomee kwa sauti, nawe umweleze yale unayoyajua kutoka malishoni. Hapo nyote wawili mtakuwa mmejifunza.