UFAFANUZI KUHUSU KIJITI CHA KUONGOZEA KOMPYUTA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba kompyuta haiongozwi kwa kipanya peke yake. Mtu ambaye vidole vyake vimedhoofika kwa kiharusi, au ambaye mkono wake unatetemeka, aweza kuifanya kazi ile ile kwa kijiti cha kuongozea, kiitwacho jostiki, akakisukuma kwa kiganja, kidevu au mguu.

Chombo hiki si kipya katika kuwahudumia watu wenye ulemavu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mhandisi George Klein na wenzake wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada walibuni kiti cha magurudumu cha umeme kwa ajili ya askari waliopooza, nacho kiliongozwa kwa kijiti.

Kijiti kinapoinama, vipimo vilivyomo ndani yake hutoa namba. Katika kijiti cha biti 8, namba hizo ni 0 hadi 255, na katikati ni karibu 128. Programu kiendeshi iliyomo katika kompyuta huzisoma namba hizo, na mipangilio yake huamua zigeuzwe mwendo wa namna gani.

Mipangilio mitatu yafaa kuangaliwa. Kwanza, kusawazisha, ili kompyuta ijue katikati na mwisho wa kijiti. Pili, eneo tulivu la katikati, ambamo mtikisiko mdogo hauhesabiwi. Likizidi ukubwa, mwenye nguvu haba hatasikilizwa. Tatu, uwiano wa mwendo, ili msukumo mdogo ulete mwendo wa taratibu na mshale utue pale panapotakiwa.

Ieleweke pia kwamba vijiti vingi vya michezo havisogezi mshale mpaka iwekwe programu ya kuvigeuza kuwa kipanya.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 yahusu ufikivu, pamoja na ule wa teknolojia ya habari na mawasiliano.

Kwa hiyo wakuu wa ofisi wanaombwa wasiharakie kuamua kwamba mtumishi hawezi kazi ya kompyuta. Aketishwe, mipangilio irekebishwe naye mwenyewe akiwapo, apewe muda wa kuzoea. Mara nyingi kasoro haimo mkononi mwake, bali katika chombo ambacho hakijapimwa kwa mkono huo.