Nyumba Huuzwa kwa Siku Moja, Kuhama ni Kazi ya Miaka

Na Bwana Shamba

Labda siku moja utakuwa umekaa kivulini unabangua karanga. Atafika mtu na pikipiki. Atakusalimu vizuri. Ataitazama nyumba yako, atautazama uwanja, ataitazama na barabara. Kisha atauliza: "Mzee, hapa huuzi?"

Swali hilo ni fupi. Lakini jibu lake linaweza kubadili maisha yako, ya watoto wako na ya wajukuu wako. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya kuuza nyumba na kuhama.

ZAMANI NYUMBA HAIKUUZWA

Wazee wa Ugogo wanajua kuhama. Mvua ilipokosekana, au malisho yalipokwisha, mtu alihama na ng'ombe wake. Nyumba yake ilikuwa tembe. Ilijengwa kwa nguzo na fito, na paa lake lilifunikwa kwa udongo. Mwenye tembe aliweza kung'oa nguzo nzuri na mlango akaenda navyo. Udongo aliuacha. Hakuna aliyemlipa fedha kwa tembe aliyoiacha.

Mwaka 1971 ilifanyika Operesheni Dodoma. Watu wengi wa mkoa huu walihamia vijiji vya ujamaa. Chamwino, ambako leo iko Ikulu, ni kimoja cha vijiji vya wakati ule. Wako waliofurahi kupata shule, zahanati na maji karibu. Wako pia walioacha mashamba mazuri, na tembe zao zikawa mahame. Kama unaye mzee aliyehama wakati ule, muulize. Atakuambia yote mawili, raha na taabu.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huohuo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu waliiita CDA. Mamlaka hiyo ilipanga mji na kupima viwanja mpaka ilipovunjwa mwaka 2017. Mwezi wa Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji.

Basi watu wengi wakaanza kutafuta viwanja. Mahali palipokuwa na shamba la mtama pakawekwa mawe ya mipaka. Ardhi ambayo zamani haikuwa na bei, sasa ina bei. Kitu chenye bei huleta wanunuzi. Huleta na walaghai pia.

MKULIMA ALIYEUZA MWEZI WA FEBRUARI

Nitakueleza habari za mkulima mmoja. Jina lake sitalitaja, wala kijiji chake. Nilikuwa nikimtembelea kumshauri juu ya uwele na karanga.

Mnunuzi alimjia mwezi wa Februari. Ndugu msomaji, unaujua mwezi wa Februari. Ghala ni tupu na mazao mapya bado yako shambani. Mtu mwenye njaa hapangi bei, hupangiwa.

Mke wake alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Mkulima hakumngojea. Alikubali bei, akapokea nusu ya fedha. Nusu ya pili aliahidiwa baada ya mwezi mmoja. Karatasi waliyoandika ilikuwa na mistari minne tu. Haikusema uwele uliomo shambani ni wa nani. Haikusema familia itatoka lini.

Fedha za kwanza zilinunua chakula, zikalipa madeni, zikanunua baiskeli na nguo. Si vitu vibaya. Lakini baada ya miezi miwili zilikuwa zimekwisha. Nusu ya pili haikuja kwa mwezi mmoja. Ilikuja kidogo kidogo, kwa mwaka mzima. Uwele ulivunwa na mnunuzi, naye akasema: "Nilinunua shamba na vilivyomo."

Mke aliporudi alikuta watu wanachimba msingi mahali palipokuwa jiko lake. Familia ikaenda kukaa kwa shemeji, watu saba katika chumba kimoja. Mtoto mmoja aliacha shule kwa muda, maana shule mpya ilikuwa mbali.

Nilipomwona tena, yule mkulima aliniambia: "Bwana shamba, mimi sikuuza nyumba. Niliuza mahali pa kurudi." Neno hilo sijalisahau.

JIRANI YAKE ALIUZA VIZURI

Jirani yake naye aliuza. Lakini kwanza alikaa na mke wake na watoto wake wakubwa. Walikubaliana kuuza sehemu tu ya eneo lao. Kwa fedha hizo walinunua shamba katika kijiji kingine. Wakajenga huko vyumba viwili wakati wa kiangazi. Wakavuna mazao ya kwao ya zamani, wakaweka mbegu akiba. Ndipo wakauza sehemu iliyobaki, wakahama mwezi wa Agosti.

Je, hawakupata taabu? Walipata. Mama alilia siku ya kuondoka. Mwaka wa kwanza hawakuwa na majirani wa kusaidiana nao kupalilia. Lakini walikuwa na paa, chakula na mbegu. Taabu ya mtu mwenye paa si sawa na taabu ya mtu asiye na paa.

Watu hawa wawili walikuwa wa kijiji kimoja na ardhi yao ilifanana. Mmoja alihesabu kabla ya kuuza. Mwingine alihesabu baadaye.

UNAUZA NA SAMADI

Mimi ni mtu wa kilimo, kwa hiyo nitasema jambo ambalo mnunuzi hatakuambia. Ukiuza nyumba yako, unauza na udongo ulioutengeneza.

Tazama shamba lililo karibu na zizi. Mahindi yake ni ya kijani kuliko ya mahali pengine. Ni kwa sababu ya samadi ya miaka mingi. Wazee walijua hivyo. Ndiyo maana walipenda kulima katika mahame yenye zizi la zamani.

Huko unakohamia, udongo utakuwa haujapata samadi. Mwaka wa kwanza usitegemee mavuno kama ya nyumbani. Kama unayo mizabibu, kumbuka kwamba mizabibu mipya huchukua karibu miaka miwili kabla ya kuzaa. Katika miaka hiyo miwili utakula nini? Weka jibu hilo katika bei unayotaja.

FANYA HESABU KWANZA

Chukua kalamu na karatasi. Kama hujazoea hesabu, mwite mtoto anayesoma. Tuseme unauza kwa shilingi 6,000,000. Bei si moja kila mahali, huu ni mfano tu wa kujifunzia.

Shamba jipya, shilingi 2,400,000.
Matofali, saruji na fundi, shilingi 1,500,000.
Mbao, bati na milango, shilingi 1,300,000.
Lori la kuhamisha vitu, shilingi 250,000.
Chakula mpaka mavuno, shilingi 700,000.
Mbegu na majembe, shilingi 150,000.

Jumla ni shilingi 6,300,000. Umepungukiwa na shilingi 300,000, na hujanunua hata kibiriti. Fedha zilizoonekana nyingi mkononi hazikutosha. Ni afadhali kulijua jambo hili leo, wakati nyumba bado ni yako.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria haipo kwa ajili ya watu wa mjini tu. Inakulinda na wewe. Shika mambo haya:

1. Nyumba ya familia haiuzwi na mtu mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mume au mke hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hata kama nyumba ni ya mume, mke lazima akubali. Hata kama ni ya mke, mume lazima akubali.

2. Ardhi ya kijiji haiuzwi kichakani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Halmashauri ya Kijiji iarifiwe, nayo iidhinishe. Kuzungumza na mwenyekiti peke yake, usiku, nyumbani kwake, si kupata kibali cha halmashauri.

3. Kama eneo lenu limekwisha kuingizwa katika mipango ya mji, nenda ofisi ya ardhi ya jiji au ya wilaya. Uliza kama eneo lako limepimwa, na limepangiwa matumizi gani. Uliza kabla ya kupokea hata shilingi moja.

4. Onyesheni mipaka mchana. Majirani wa pande zote wawepo. Kama mpaka ni minyaa, au jiwe, au mti, uandikwe.

5. Andikeni mkataba kamili. Uandike bei, siku ya kulipa, siku ya kuhama, mazao yaliyomo shambani, na makaburi. Ndiyo, makaburi. Kama wazazi wako wamelala hapo, mkataba useme kama yatabaki au yatahamishwa, na kama utaruhusiwa kuyatembelea. Shauri la namna hii halifai kuachwa mpaka nyumba imekwisha kuuzwa.

6. Usitie sahihi au dole gumba katika karatasi usiyoielewa. Wewe sasa unajua kusoma. Soma neno kwa neno. Mahali usipoelewa, simama, uliza. Mnunuzi mwema atangoja. Anayekuharakisha, mwogope.

7. Usihame kabla hujalipwa fedha zote. Fedha nyingi zipitie benki, ili uwepo ushahidi, na ili zisilale chini ya godoro.

Ukitokea ugomvi kijijini, liko Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na kati yao wanawake wasiopungua watatu. Kazi yake ni kuwasuluhisha watu wanaogombania ardhi.

KAMA SERIKALI INAIHITAJI ARDHI YAKO

Wakati mwingine anayekuhamisha si mnunuzi. Inaweza kuwa barabara, shule, au mradi mwingine wa umma. Hapo huuzi, unalipwa fidia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Haihesabiwi nyumba tu. Mazao na miti pia huhesabiwa. Tena iko posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi.

Mthamini akija, uwepo mwenyewe. Mwonyeshe kila kitu: nyumba, choo, zizi, mizabibu, miembe. Hakikisha vimeandikwa. Omba nakala ya fomu yako uitunze.

SIKU YA KUHAMA

Ukiwa umekwisha kuamua, hama kwa utaratibu. Wakati mzuri ni baada ya mavuno, kabla ya mvua. Barabara zinapitika, chakula kipo, na unao muda wa kujenga na kutayarisha shamba.

Tangulia kwanza wewe mwenyewe. Kaa huko siku chache. Onja maji ya kisima. Hesabu hatua za kwenda zahanati na shuleni. Waulize wenyeji mvua za mwaka jana zilikuwaje. Watu wengi hutazama ardhi mpya wakati wa masika, ikiwa ya kijani. Itazame na mwezi wa Oktoba.

Chukua barua ya uhamisho ya watoto wa shule. Kama una mifugo, chukua kibali cha kuisafirisha kutoka kwa bwana mifugo. Beba mbegu zako ulizozizoea. Beba na miche ya miti. Ukifika, nenda ujitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa majirani. Jirani mpya ndiye atakayekupa moto usiku wa kwanza.

Ndugu msomaji, sisemi usiuze. Kuna watu waliouza, wakahama, na leo wanaishi vizuri kuliko zamani. Kila mtu ana haki ya kutafuta maisha mazuri. Nasema hivi: anayenunua amekwisha jua atafanya nini na mahali pako. Nawe jua utafanya nini na fedha zake.

Kwa hiyo yule mtu wa pikipiki akifika na kuuliza kama unauza, mpe kiti, mpe maji. Kisha mwambie: "Rudi wiki ijayo. Nitazungumza na mama watoto." Kama ni mnunuzi wa kweli, atarudi.

Ukimaliza kusoma ukurasa huu, msomee na jirani ambaye bado hajajua kusoma. Huenda kesho pikipiki ikasimama mlangoni kwake.